Amplifaya ya Vali Hupimwa kwa Kimya Chake

Wimbi linapoiinua ngalawa mbele ya Gazi au Diani, rengu la kushoto na la kulia hupanda pamoja na nahodha hashtuki. Upande mmoja ukizama kuliko mwenzake, hapo ndipo anapohamisha uzito. Amplifaya ya tofauti hufanya kazi vivyo hivyo. Ina milango miwili ya kupokea umeme. Kinachofika kwenye milango yote kwa kiasi kimoja hukipuuza. Kinachotofautiana hukikuza mpaka kionekane kwenye kioo cha osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika katika kipimo cha moyo hospitalini, Msambweni au kwingineko. Moyo hutoa kama milivolti 1 tu juu ya ngozi, ilhali mwili wenyewe hunasa mvumo wa umeme wa ukutani wa volti 240, unaotetemeka mara 50 kwa sekunde. Bila kifaa kinachojua kukataa, mvumo ungeumeza moyo.

Utafiti wa neva ndio uliozaa kifaa hiki. Brian Matthews wa Cambridge aliieleza amplifaya ya aina hii mwaka 1934, na mwaka 1936 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliombea hataza sakiti ya vali mbili (mirija ya kioo ya kukuza umeme) zinazogawana mkondo mmoja. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Tektronix ya Oregon, Marekani, iliifanya kuwa kisanduku cha kuchomeka ndani ya osiloskopu zake za mfululizo wa 530 na 540. Type G ilikuwa ya mawimbi ya kasi, na kipimo chake kidogo kabisa kilikuwa milivolti 50 kwa kila sentimita ya kioo. Type D ilishuka hadi milivolti 1, na Type E hadi maikrovolti 50. Visanduku hivi ndivyo wapenzi wa vali wanavyovitafuta hadi leo.

Kwa hiyo mnunuzi asiulize kwanza kifaa kinakuza kiasi gani. Aulize kinanyamaza kiasi gani pale kinapopaswa kunyamaza.

Ukaguzi huanza kabla ya umeme kuwashwa. Kila vali ina doa la rangi ya fedha ndani ya kioo chake. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali hiyo imekufa. Vali za mlangoni ni mapacha, na zikitofautiana kwa nguvu, mizani yote huharibika. Katika orodha za vipuri za Tektronix, vali za kawaida zina namba zinazoanza na 154, na zile zilizopimwa na kuchaguliwa kiwandani huanza na 157. Kisanduku ambacho vali zake za 157 zimebadilishwa kwa zozote zilizopatikana dukani kitawaka vizuri, lakini hakitakataa mvumo kama kilivyokusudiwa.

Kisha lehemu. Ndani ya kisanduku vipuri vimeshikwa kwenye vipande vya kauri vyenye mapengo yaliyopakwa fedha. Lehemu ya kawaida ikitumiwa tena na tena huila fedha hiyo, na kiungo kikabanduka kwenye kauri. Ndiyo maana kiwanda kilitumia lehemu iliyotiwa fedha kidogo, na kiliacha kibunda chake kidogo ndani ya osiloskopu kwa ajili ya fundi wa kesho. Mnunuzi akikuta viungo vinavyong'aa, vyembamba, visivyo na matone, ajue kifaa kimepita mikono mizuri. Akikuta kauri iliyoungua, apunguze bei aliyokuwa tayari kutoa.

Baada ya hapo huja jaribio lenyewe, na halihitaji kifaa cha ziada, kwa kuwa osiloskopu hizo zina chanzo chao cha wimbi la mraba. Chukua Type D, peleka volti 1 kwenye milango yote miwili kwa nyaya za urefu uleule, kisha weka kipimo cha milivolti 1 kwa sentimita. Mstari ukibaki na kimo cha sentimita 1, kifaa kinapunguza umeme wa pamoja mara 1,000. Geuza polepole skrubu ya kusawazisha: kifaa kizima kitazidi kutulia, kibovu kitagoma. Macho yatofautishe sehemu bapa ya wimbi na miiba ya kwenye kingo. Sehemu bapa isiyolala huelekeza kidole kwa vali au rezista. Miiba mirefu huonyesha kwamba kapasita ndogo za mlangoni hazijalingana, na mara nyingi hizo hurekebishika.

Mwisho, unganisha milango yote na ardhi, kisha gonga vali moja moja kwa kifutio cha penseli. Vali inayoitikia kwa mtikisiko mkubwa kwenye kioo haifai kukaa mlangoni. Anayefungua kifaa akumbuke kwamba ndani mwa osiloskopu hizi kuna nyaya za volti 350, 500 na hata maelfu, na kapasita hubaki na umeme baada ya kuzimwa.

Pwani huongeza mtihani wake. Osiloskopu kama 545A hutoa joto jingi, na feni yake huvuta hewa ya chumba. Hewa ya Diani ina chumvi, na masika huleta unyevu unaolala juu ya kauri na swichi, ukifungua njia ndogo za umeme kuvuja upande mmoja kuliko mwingine. Kwa hiyo jaribio lifanywe mara mbili: kifaa kikiwa baridi, na tena baada ya nusu saa. Kikitulia baada ya kupata joto, ugonjwa huenda ni unyevu na uchafu, wala si vali. Tektronix yenyewe iliosha vifaa vyake kwa maji na sabuni kisha ikavikausha kwa joto. Fundi wa Ukunda anaweza kufuata mfano huo, transfoma zikikingwa, lakini asitumie maji ya kisima cha matumbawe yenye chumvi. Maji ya mvua yaliyochujwa, au maji safi ya kujazia betri (si asidi yake), yanafaa zaidi.

Kwa anayetafuta kimoja tu, Type D iliyosimama imara katika majaribio yote mawili, la baridi na la joto, ni chaguo bora kuliko Type E yenye vali za kubahatisha, hata kama E inaona mawimbi madogo mara 20 zaidi. Kabla ya kulipia, hakikisha osiloskopu yenyewe imeungwa kwa umeme wa Kenya: nyingi zilitoka kiwandani zikiwa tayari kwa volti 117 za Marekani, na transfoma huungwa upya kwa 234.