Pembe Iliyo Jino: Uhakiki wa Jambo Moja katika Maisha ya Tippu Tip

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yalichapwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, yakatolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley mwaka 1958-59. Ni maandishi yastahiliyo sifa: lugha yake ni nyepesi, na habari za njia ya Tabora zina uhai wa mtu aliyeikanyaga mwenyewe. Lakini yana upungufu mmoja ambao msomaji huupita upesi.

Pembe humo ni mali tu. Hupimwa kwa frasila, yaani ratili 35 hivi, huuzwa, na habari yake huishia hapo. Tabora ndipo njia itokayo Bagamoyo ilipogawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za nchi nyingi zilikutana hapo, wala mizani haikuuliza zilikotoka.

Kiswahili chaiita pembe, lakini kwa hakika ni jino la juu la ndovu, na ndani yake hukaa vinasaba. Bayoinfomatiki, yaani elimu ya kulinganisha habari za viumbe kwa kompyuta, yaweza kuliuliza jino hilo swali ambalo mizani haikuuliza. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walilinganisha vinasaba vya pembe zilizokamatwa na vya kinyesi cha ndovu wa mahali panapojulikana. Mwaka 2015 walionyesha kwamba kusini mashariki mwa Tanzania palikuwa chimbuko kubwa la pembe za magendo.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba pembe za zama za misafara zitajibu kwa wepesi huo. Ramani hiyo ni ya ndovu wa leo, na makundi yaliyokwisha kuangamizwa hayamo. Pembe za jahazi Bom Jesus, lililozama pwani ya Namibia mwaka 1533, zilipochunguzwa mwaka 2020, zilitambulika nasaba 17 za ndovu wa Afrika Magharibi, na nne tu ndizo zilizoonekana hadi sasa. Basi hata pembe isiyo na mwenzake ni ushahidi wa hasara.

Kuna wapagazi pia. Elimu hiyo hiyo huwasaidia waganga wa meno kutambua bakteria wa kinywani, na ukoga wa meno ya marehemu huhifadhi vinasaba vya bakteria hao na dalili za chakula. Lakini haufichui jina la mtu, wala haifai kugusa mifupa ya wafu pasipo ridhaa ya jamaa zao. Kitabu chawataja wakubwa. Jino laweza kutaja nchi, maradhi na chakula. Majina ya waliobeba mzigo hayamo katika kimoja wala kingine, na hayo yapasa kutafutwa katika masimulizi ya Unyamwezi, kabla wayajuao hawajatoweka.