Huzuni ya Mshairi wa Al-Inkishafi

Wasomaji wengi wa Al-Inkishafi hukifunga kitabu wakisema kwamba wamepewa mawaidha: dunia hupita, mali huisha, mtu hufa. Hukumu hiyo si ya uongo, lakini haifiki nusu ya ukweli. Kama mshairi alikuwa na hayo tu ya kusema, beti tatu zingalimtosha. Naye alitunga zaidi ya sabini.

Mtungaji, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alikuwa sharifu wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Husemwa kwamba alitunga utenzi huu mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji wa Pate, ambao zamani ulitajirika kwa biashara ya bahari, ulikuwa umekwisha kudhoofishwa na vita na fitina. Magofu anayoyasimulia, basi, hakuyaota. Yalikuwa ya mji wake.

Tazama jinsi anavyoyasimulia. Hatuambii tu kwamba palikuwa na matajiri, nao wakafa. Kwanza huwasha taa zao. Hupanga vyombo vya kaure katika zidaka za kuta, hutandika vitanda, na hutuonyesha mabwana wakienda kwa maringo, wenye kuwatangulia mbele na wenye kuwafuata nyuma. Usiku hukandwa, hupepewa, huimbiwa mpaka usingizi uwachukue. Baada ya hayo yote ndipo awaruhusupo popo kuning'inia juu, na makinda ya ndege kulala mlemle zidakani mlimokuwa na sahani. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja, mtoto wa bara ambaye hakuwa ameiona bahari, aliniuliza darasani: "Mwalimu, ikiwa dunia haina thamani, mbona anaijua vizuri hivi?" Siku ile nilimjibu kwa maneno ya kitabuni, nami sikuridhika nayo. Leo naona kwamba aliushika utenzi mahali pake hasa. Mtu aliyeidharau anasa haikumbuki kwa usahihi namna ile. Sayyid Abdalla aliupenda mji ule, na huzuni yake imetoka katika mapenzi hayo.

Tena huwataja waliokufa kwa majina, jamaa zake wakiwamo, akiuliza wako wapi. Hapo msomaji huacha kuwafikiri matajiri wa mbali. Swali ni la mtu aliyesimama penye mlango aliozoea kubisha.

Jina la utenzi maana yake ni kufunuka. Ni kitu gani kinachofunuliwa? Si kifo, kwa kuwa hata mtoto mdogo anajua kwamba watu hufa. Ninavyoona mimi, kinachofunuliwa ni moyo. Mshairi hasemi nasi. Husema na moyo wake mwenyewe. Huuliza kwa nini hauzinduki, huukemea, huubembeleza, huupa mifano: mwenye kiu akimbiliaye mangati, taa iliyo katika upepo. Kisha huanza tena. Lau moyo ungalitii mara ya kwanza, utenzi ungalikwisha mapema. Urefu wake ni ushahidi wa ukaidi wa moyo. Mwanadamu aweza kuyajua yote yampasayo kuyajua, akaendelea kutamani kama asiyejua. Na mshairi hakujitoa katika hukumu hiyo. Kwa sababu hiyo maneno yake hayachoshi kama ya mtu atukanaye dhambi za jirani.

Umbo la beti humsaidia. Mishororo mitatu hukubaliana vina, na wa nne huachana nayo ili kurudi kwenye kina kimoja kisichobadilika toka mwanzo hata mwisho. Usomeni kwa sauti, hata kama maneno ya kaskazini hayajawaelea. Sikio litatambua kwamba kila wazo, liende litakako, hurejea palepale.

Siwezi kuzisifu beti zote sawasawa. Mwishoni mshairi huzitaja Jahanamu na adhabu zake, moja baada ya moja, na mimi hupoa kidogo. Wako wenye ujuzi watakaonipinga, wakisema kwamba hicho ndicho kilele, maana ndipo moyo utishwapo kwa kweli. Huenda. Walakini humo husema kama walivyosema wengine wengi kabla yake, hali kwenye magofu alisema aliyoyaona peke yake, na ukumbi mtupu wa Pate hunitisha kuliko moto ule.

Utenzi ulichapishwa London mwaka 1939 kwa kazi ya William Hichens, na tena Nairobi mwaka 1977 kwa kazi ya James de Vere Allen. Magofu ya Pate yangaliko. Wenyeji wamelima tumbaku katikati ya kuta zake.