Ni Wale Wale?

Anayetaka kuviona vijinyoo vya matende kwa hadubini, Mabawa au mtaa mwingine wowote wa Tanga mjini, sharti asubiri usiku. Damu ya mchana haivionyeshi. Karibu na saa sita usiku hujaa kwenye damu ya vidole, wakati uleule mbu wa vyoo vya shimo na mitaro michafu wanapouma. Kisha hupita miaka kabla mguu haujavimba au busha halijaota.

Ugonjwa wa mwendo huo haupimiki kwa msimu mmoja. Ndiyo maana nausifu ufundi wa modeli za hisabati. Daktari Ronald Ross aliuonyesha kwa malaria tangu mwaka 1911: si lazima mbu waishe wote, wakipungua chini ya kiwango fulani ugonjwa hufifia wenyewe.

Mkoani Tanga kingatiba ya matende, ivamektini pamoja na albendazoli mara moja kwa mwaka, ilianza 2004. Dawa hufagia vijinyoo vya kwenye damu, lakini minyoo mikubwa mingi hubaki hai na baadaye huzaa tena. Basi dawa hurudiwa mpaka minyoo hiyo izeeke na kufa. Shirika la Afya Duniani lilishauri angalau raundi 5, kila mara wameze asilimia 65 ya watu wote.

Sasa tuchukue mtaa wa watu 1,000, na kwa wepesi wa hesabu tuseme wote wanastahili dawa. Kila mwaka 350 hawamezi. Ikiwa anayekosa hukosa kwa bahati tu, leo huyu, mwakani yule, baada ya raundi 5 waliokosa zote ni kama 5. Ikiwa ni wale wale, mvuvi ambaye kila ugawaji humkuta baharini, mzee asiyeamini vidonge vya bure, basi ni 350 kamili. Ripoti za hali zote mbili zitaandika asilimia 65 na kupigiwa makofi. Mtaa wa kwanza unakaribia kupona. Wa pili umewawekea minyoo akiba.

Uhodari wa mtunga modeli ni huo: anaacha mengi nje ya hesabu, lakini hakubali wastani umfiche mtu. Modeli haimtibu yeyote. Inamwelekeza mgawa dawa afungue daftari la mwaka jana, atafute majina yasiyo na alama, na raundi hii aanze na hao.