Toleo la Elfu Moja

Wako wanaostaajabu kumwona mwalimu mstaafu akisoma hadithi za picha. Husema hayo ni mambo ya watoto. Mimi nimezipenda tangu ujana, na miaka sabini na ushei haijaniponya. Kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikilipima hapa jarida la Action Comics, toleo la 1000, lililotoka Marekani mwezi Aprili 2018, likiwa na kurasa 80 na bei ya dola 7.99.

Toleo la kwanza, la mwaka 1938, ndilo lililomleta Superman. Waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana wa mji wa Cleveland, nao waliuza haki zao kwa dola 130. Ilifika 1975, wakiwa wazee, ndipo wenye kampuni walipokubali kuwalipa kila mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye kazi yao. Sherehe ya miaka 80 isiyokumbuka jambo hilo ina kasoro.

Toleo lenyewe ni mkusanyo wa hadithi fupi, kila moja na waandishi na wachoraji wake. Kama ilivyo katika mikusanyo mingi, mbivu na mbichi zimetiwa kapu moja.

Iliyo bora, kwa maoni yangu, ni "The Car", ya Geoff Johns na Richard Donner, iliyochorwa na Olivier Coipel. Jalada la 1938 lilimwonyesha Superman akiliinua gari la kijani na kulibamiza mwambani huku watu wakitimua mbio. Sisi wasomaji tulilitazama gari. Waandishi hawa wamemtazama mwenye gari. Tunamkuta kwa fundi na gari lake lililopondeka. Kisha Superman anamjia, safari hii si kwa kubamiza kitu, bali kusema naye juu ya maisha aliyoyapitia na njia anayoweza kuichagua. Katika chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo mara nyingi kwamba kumfukuza mtoto mkorofi ni kazi ya dakika tano, na kumrudisha njiani huenda ikachukua miaka mitatu. Sikutegemea kulikuta somo hilo katika jarida la katuni.

Hadithi ya Brad Meltzer na John Cassaday inafuata njia hiyo hiyo. Mwanamke ameelekezewa bastola kichwani. Superman yu mbali, na kwa hesabu zake hatawahi. Kinachompa nafasi ya kuwahi ni ujasiri wa mwanamke mwenyewe. Hapa mwokoaji anamhitaji anayeokolewa, na hilo ni kweli katika darasa lolote.

Tom King na Clay Mann wanatupeleka miaka bilioni tano mbele, jua likiwa karibu kuimeza dunia, naye Superman amekuja kuwaaga wazazi waliomlea. Ni kurasa chache, nazo zinatosha.

Sasa kasoro. Hadithi ya Dan Jurgens, ambamo mji mzima unamshukuru shujaa, imejaa sifa hadi inachosha. Ile ya mwisho, ya Brian Michael Bendis na Jim Lee, imechorwa kwa ustadi, lakini inamleta adui mpya, inampiga shujaa, kisha inakatika ili tununue majarida yaliyofuata. Ni kama mwenye karamu anayewanawisha wageni mikono, kisha akawaambia nyama itapikwa wiki ijayo, tena kwa fedha zao. Mengi yalisemwa pia kuhusu kaptura nyekundu, iliyoondolewa 2011 na kurudishwa katika toleo hili. Nimefurahi kuiona, lakini vazi halimfanyi mtu shujaa.

Watoto wetu hawakosi kuona watu wenye nguvu. Wanaona nguvu zikitumika kutisha, nyumbani, njiani na hata shuleni. Kwa sababu hiyo ningemkabidhi mjukuu wangu jarida hili bila wasiwasi, nikimwambia aanze na "The Car". Ile ya mwisho anaweza kuiacha.