Turubai Isiyo na Ukingo: Mbinu ya Alain Resnais katika Filamu ya Van Gogh

Filamu fupi ya Van Gogh, iliyoongozwa na Alain Resnais mwaka 1948, inasimulia maisha ya mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh kwa kuonyesha michoro yake tu, bila mwigizaji wala picha halisi za mahali alipoishi. Ilipigwa kwanza kwa mkanda wa milimita 16, kisha ikarudiwa kwa milimita 35, kipimo cha majumba ya sinema, chini ya mtayarishaji Pierre Braunberger.

Msingi wa mbinu hiyo ni kuondoa fremu, yaani mbao zinazozunguka mchoro na kuonyesha unapoishia. Resnais aliisogeza kamera mpaka kingo za turubai zikatoka nje ya skrini, hivyo sehemu iliyobaki ikaonekana kama kipande cha ulimwengu unaoendelea pande zote. Mhakiki André Bazin aliieleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba fremu huvuta jicho ndani, ilhali skrini hulisukuma nje.

Baada ya fremu kuondolewa, kazi iliangukia uhariri, yaani ukataji na uungaji wa vipande vya filamu, ambao Resnais aliusomea katika chuo cha IDHEC, Paris. Mchoro wa nyumba ya Van Gogh mjini Arles kwa nje ukifuatwa na ule wa chumba cha kulala, mtazamaji hujiona ameingia ndani, ingawa hizo ni turubai mbili zisizogusana.

Uamuzi wa kutumia rangi nyeusi na nyeupe, ambao kwa mchoraji huyu ungeweza kuhesabiwa kuwa hasara tupu, ndio ulioimarisha uungaji huo, kwa sababu tofauti za rangi zingefichua kila mpito kutoka turubai moja hadi nyingine, wakati kijivu kinaziunganisha kazi za giza za Uholanzi na zile za jua kali la kusini mwa Ufaransa. Sauti ya msimulizi Claude Dauphin na muziki wa Jacques Besse huongeza mfululizo wa wakati, ambao mchoro peke yake hauna.

Gharama ya mbinu hii ni kwamba mpangilio aliouweka mchoraji katika kila turubai huvunjwa, na kwa hiyo filamu hii haifai kuwa mwongozo wa kuitazama michoro yenyewe. Resnais aliikubali gharama hiyo tena mwaka 1950, alipoongoza Guernica pamoja na Robert Hessens kwa kutumia kazi za mchoraji Picasso.