Fizikia "inashusha divisheni"? Tupige hesabu kwanza

Ukifika Feri saa kumi na mbili asubuhi, mnada umeshachangamka na hakuna mwenye muda na wewe. Jumamosi moja nilikuwa pale na kipimajoto changu, napima samaki waliolazwa kwenye barafu, mdogo wangu akiniandikia namba. Ni mtoto wa mama mdogo, anakaa Kariakoo, yuko kidato cha pili. Katikati ya kazi akaniambia: "Dada, mwakani naacha Fizikia. Tumeambiwa inashusha divisheni."

Ushauri huo ndio ninaotaka kuuhakiki leo. Na mimi nilipewa nikiwa na umri wake, nikaufuata, na hadi leo naulipia.

Kwanza utaratibu wenyewe. Katika mtaala tuliosoma wengi wetu, masomo saba ni ya lazima hadi kidato cha nne: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Fizikia na Kemia unaweza kuziacha ukiingia kidato cha tatu. Mtaala mpya, ulioanza kuingia madarasani 2024, una mpangilio wake, lakini swali la "niache lipi?" halijaenda popote.

Sasa hesabu. NECTA inapanga divisheni kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu.

Chukua mwanafunzi aliyebaki na masomo saba tu. Amepata B ya Kiswahili, C tano, na F ya Hisabati. Jumla ni 22, yaani divisheni ya tatu. Hana pa kuificha ile F, kwa sababu masomo ni saba na yote yanahesabiwa.

Mpe mwanafunzi huyo huyo Fizikia, apate D tu. Masomo ni nane, F ya Hisabati inaachwa nje, jumla inakuwa 21. Divisheni ya pili! Akipata F ya Fizikia je? Anabaki na 22 yake ile ile. Kihesabu, somo la nyongeza linaweza kukupandisha au kukuacha ulipo. Kukushusha haliwezi.

Utaniambia, "Sawa, lakini linakula muda wa masomo mengine." Hiyo ni hoja ya kweli na inastahili kupimwa. Ila siyo ile tuliyoambiwa. Tuliambiwa somo lenyewe linashusha divisheni, na hilo si kweli. Na kuna jambo halisemwi darasani: F yako ya Fizikia inaonekana kwenye takwimu za somo hilo za shule yako. NECTA iliacha kutangaza orodha ya shule bora mwaka 2023, lakini ufaulu wa kila somo kwa kila kituo bado unasomeka. Kwa hiyo ukishauriwa uache, uliza kwa adabu: tunalinda matokeo ya nani?

Gharama yenyewe inakuja baadaye. Bila Fizikia hakuna PCM, hakuna PCB, hakuna PGM. Bila PCB, udaktari wa binadamu chuo kikuu hauombi, kwa sababu wanataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Uhandisi ndiyo usiseme. Fomu ya chuo unaijaza baada ya kidato cha sita, lakini kumbe ulishaanza kuijaza kidato cha pili, na hakuna aliyekuambia.

Mimi nilikwenda CBG. Sijutii Biolojia wala Kemia. Lakini tafiti yangu ya uzamili ni kuharibika kwa samaki, na wiki za mwanzo nilizimaliza na vitabu vya Fizikia vya sekondari nilivyonunua vya mtumba, najifunza joto kama mtoto.

Pale Feri mdogo wangu aliniuliza swali zuri: "Mbona barafu inayeyuka lakini namba haipandi?" Kwa sababu barafu ikiyeyuka inanyonya joto bila yenyewe kupanda zaidi ya sifuri. Kilo moja ikiyeyuka inanyonya joto karibu sawa na la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Hiyo ni Fizikia. Jodari asipopoozwa mapema, bakteria wanaongezeka. Hiyo ni Biolojia. Bakteria hao wanageuza histidini iliyo kwenye nyama kuwa histamini, inayoweza kumwasha mlaji uso na kumuumiza kichwa, na hata ukikaanga haiondoki. Hiyo ni Kemia. Samaki ni mmoja, na yeye hajui kwamba sisi tulimgawa kwenye vipindi.

Je, kuna wakati wa kuacha? Upo. Kama shule haina mwalimu wa Fizikia wala maabara, na huna pa kujifunzia kwingine, kung'ang'ania kunaweza kuwa kujitesa. Kama unataka sheria au lugha na umelifikiria kweli, nenda HGL au HKL kifua mbele. Hiyo siyo njia ya walioshindwa, na kuichukulia hivyo ni kosa letu sisi watu wa sayansi. Ninachokataa ni mtoto wa miaka kumi na tano kuacha somo kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyeipiga.

Kwa hiyo, kabla ya kuacha, chukua karatasi. Andika alama zako halisi za masomo yote, hesabu saba bora ukiwa na somo hilo, kisha bila hilo. Halafu andika kozi tatu unazozitamani, fungua mwongozo wa udahili wa TCU, uone kila moja inadai masomo gani. Ukimaliza ndipo uamue, na uamuzi uwe wako.

Mdogo wangu bado hajaamua. Karatasi anayo.