Jinsi Wekundu wa Nyama ya Ng'ombe Ulivyotenganishwa na Ubora Wake

Wekundu wa nyama ya ng'ombe hutokana na mioglobini, protini iliyomo ndani ya misuli ambayo kazi yake, mnyama akiwa hai, ni kuipokea oksijeni inayoletwa na damu na kuihifadhi hadi msuli utakapoihitaji. Damu yenyewe, ambayo watu wengi huidhania kuwa ndiyo chanzo cha rangi hiyo, kwa sehemu kubwa huwa imekwisha kutoka wakati wa kuchinja. Mioglobini ndiyo protini ya kwanza ambayo umbo lake lilichorwa kwa msaada wa eksirei, kazi iliyofanywa Cambridge na John Kendrew na wenzake mwaka 1958 kwa kutumia msuli wa nyangumi, na iliyompatia Kendrew Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1962 pamoja na Max Perutz. Ndani ya kila molekuli yake mna atomu moja ya chuma, na hali ya atomu hiyo ndiyo inayoamua jicho litaona nini.

Pasipo na oksijeni, kama ilivyo katikati ya pande nene la nyama au ndani ya mfuko ulionyonywa hewa, rangi huwa ya zambarau iliyokoza, na mioglobini katika hali hiyo huitwa deoksimioglobini. Nyama ikikatwa na kuachwa hewani kwa nusu saa hadi saa moja, oksijeni hushikamana na chuma na uso wa nyama hung'aa kwa wekundu wa oksimioglobini. Chuma kinapopoteza elektroni moja, yaani kinapooksidishwa, hutokea metmioglobini, ambayo ni ya hudhurungi na ndiyo inayomfanya mnunuzi airudishe pakiti mahali alipoitoa. Badiliko hili la mwisho hutokea kwa wepesi zaidi pale oksijeni ilipo kidogo kuliko pale ilipojaa au isipokuwepo kabisa, na kwa sababu hiyo utando wa hudhurungi huanzia milimita chache chini ya uso mwekundu, ukapanda juu siku baada ya siku hadi ukaonekana.

Kwa muda mrefu biashara ya nyama ilichukulia kwamba nyama iliyo nyekundu ndiyo nyama iliyo bora, na kwamba kuipima rangi ni kuupima ubora. Kilichofanywa na wanasayansi wa nyama, hasa nchini Marekani na Ireland tangu miaka ya 1970, ni kuligawa wazo hilo katika maswali mawili na kulijibu kila moja kwa vyombo vyake: nyama itadumu na wekundu wake kwa siku ngapi ikiwa dukani, na wekundu huo una uhusiano gani na ulaini, majimaji na ladha mezani. Mpangilio huo wa majaribio unastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa ndio uliotoa majibu ambayo jicho peke yake lisingeweza kuyatoa.

Jaribio la rangi huanzia katika uteuzi wa misuli. Steki hukatwa kutoka msuli unaojulikana kwa jina, na panapowezekana upande wa kushoto na wa kulia wa mnyama mmoja hushughulikiwa kwa njia tofauti, ili kila ng'ombe alinganishwe na nafsi yake, na tofauti za umri, malisho na ukoo zisije zikadhaniwa kuwa ni athari ya jambo linalojaribiwa. Steki huwekwa kwenye sinia, hufunikwa kwa plastiki nyembamba inayopitisha oksijeni, kisha hupangwa ndani ya kabati la baridi linalofanana na la dukani, kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri za Selsiasi. Taa huwashwa mfululizo, mwanga ukipimwa juu ya uso wa nyama yenyewe, na pakiti huhamishwa mahali kila siku kwa sababu hakuna kabati lenye baridi na mwanga sawasawa katika kila pembe. Miongozo ya Chama cha Sayansi ya Nyama cha Marekani, AMSA, iliyotolewa mwaka 1991 na kupanuliwa mwaka 2012, imeyaeleza mambo haya kwa urefu. Msomaji asiyezoea maabara anaweza kuyaona kuwa madogo, lakini joto likipanda kwa nyuzi chache tu, siku za wekundu hupungua, na jaribio zima huwa limepima kabati badala ya nyama.

Macho ya binadamu hayakuondolewa katika kazi hii. Jopo la watu waliofundishwa, ambao kwanza hupimwa uwezo wao wa kupambanua rangi kwa jaribio la Farnsworth-Munsell, huitazama kila steki kila siku na kuandika alama ya wekundu pamoja na kiasi cha uso kilichogeuka hudhurungi kwa asilimia. Jopo hilo halionji chochote, na katika hilo ndimo ulimo uaminifu wa ushahidi wake.

Pamoja na jopo hutumika spektrofotomita, chombo kinachomulika nyama na kupima kiasi cha mwanga kinachoakisiwa katika kila urefu wa wimbi. Matokeo yake huandikwa kwa mfumo uliokubaliwa mwaka 1976 na tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ambamo L* ni kiwango cha weupe na weusi, a* ni mwelekeo kutoka kijani kwenda nyekundu, na b* ni mwelekeo kutoka buluu kwenda njano. Kwa nyama ya ng'ombe a* ndiyo inayofuatiliwa zaidi, kwa kuwa hushuka kadiri metmioglobini inavyoongezeka. Hata hivyo, namba hiyo hutegemea aina ya mwanga unaochukuliwa kuwa kipimo: AMSA hupendekeza mwanga uitwao A, unaofanana na wa balbu ya waya na wenye sehemu kubwa ya nyekundu, ilhali maabara nyingi hutumia D65, unaofanana na wa mchana. Hutegemea pia upana wa tundu ambalo chombo hutazamia, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2011, iliyopitia makala zaidi ya 1,000 za rangi ya nyama, ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya waandishi hawakutaja upana huo. Kasoro hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana namba mbili za a* zilizopatikana kwa matundu na mianga tofauti haziwezi kulinganishwa, hata zikichapishwa katika jarida moja.

Sehemu ya kazi hii iliyobuniwa kwa ustadi mkubwa zaidi ni ile ya kukadiria kiasi cha kila hali ya mioglobini bila kuigusa nyama. Kuna urefu wa wimbi, nanomita 525, ambapo hali zote tatu hufyonza mwanga kwa kiasi kile kile, kwa hiyo mahali hapo hupimwa jumla ya mioglobini iliyopo. Katika nanomita 572, hali mbili zenye chuma kisichooksidishwa hulingana na metmioglobini peke yake hujitenga. Katika 474 hujitenga deoksimioglobini, na katika 610 oksimioglobini. Uwiano wa kipimo cha kila mojawapo ya hizo tatu na kile cha 525, baada ya kurekebishwa kwa kanuni ya Kubelka na Munk ya mwaka 1931 inayotenganisha mwanga uliofyonzwa na mwanga uliotawanywa, hulinganishwa na vipande vya nyama vilivyogeuzwa makusudi kuwa na hali moja tu: kwa feriksaianidi ya potasiamu ili vipate kuwa hudhurungi, kwa dithionaiti ya sodiamu ili vipate kuwa vya zambarau, na kwa oksijeni ili vipate kuwa vyekundu. Kwa njia hiyo neno la jopo, kwamba nyama imeanza kuchakaa, hupata tafsiri ya kikemia inayoweza kurudiwa na maabara nyingine.

Maana ya asilimia hizo sokoni ilionyeshwa mwaka 1973 na D. E. Hood na E. B. Riordan wa Ireland, waliofuatilia uuzaji halisi wa nyama dukani na kuona kwamba metmioglobini inapofikia takriban asilimia 20 ya mioglobini ya usoni, nyama hiyo huuzwa kwa nusu tu ya kiasi cha ile iliyo nyekundu iliyowekwa kando yake. Utafiti huo uliwapa wanasayansi mpaka wa kufanyia kazi, na tangu hapo muda wa nyama kukaa kabatini ukaweza kutajwa kwa siku.

Ubora wa kula hupimwa kwa njia nyingine kabisa. Steki hupikwa hadi katikati yake ifikie nyuzi 71 za Selsiasi, hupoozwa, kisha hutolewa vipande vya mviringo vyenye kipenyo cha sentimita 1.27 vikifuata mwelekeo wa nyuzinyuzi, na kila kipande hukatwa kwa bapa lenye pengo la umbo la V ambalo chimbuko lake ni kazi za Warner na Bratzler za miaka ya 1920 na 1930. Nguvu kubwa kabisa iliyohitajika kukikata ndiyo kipimo cha ulaini. Kwa kiwango cha Marekani cha mwaka 2011, msuli unaokatwa kwa nguvu isiyozidi kilo 4.4 huweza kuthibitishwa kuwa laini, na usiozidi 3.9 kuwa laini sana.

Vipimo hivi viwili vilipowekwa pamoja, wazo la zamani halikusimama. Msuli wa ndani ya kiuno, ambao wapishi huuita filei, ndio laini kuliko karibu misuli yote ya ng'ombe na ndio wenye bei kubwa, lakini kabatini huwa miongoni mwa ya kwanza kugeuka hudhurungi, kwa sababu mitokondria zake hula oksijeni kwa kasi na uwezo wake wa kuirudisha metmioglobini katika hali ya awali ni mdogo. Msuli mrefu wa mgongo, ulio mgumu kuliko filei, hubaki mwekundu kwa siku nyingi zaidi. Tena, nyama inapohifadhiwa kwa wiki kadhaa ili vimeng'enya vyake vilegeze nyuzinyuzi, ulaini huongezeka, na katika muda huo huo akiba inayolinda rangi hupungua, hivi kwamba steki iliyo tayari kabisa kuliwa ndiyo yenye siku chache za kupendeza. Carpenter, Cornforth na Whittier wa jimbo la Utah waliripoti mwaka 2001 kwamba wanunuzi walipendelea nyekundu, kisha zambarau, na mwisho hudhurungi, lakini mapendeleo hayo hayakubadilisha alama walizotoa walipoonja.

Pamoja na hayo, ipo hali moja ambapo rangi husema kweli. Ng'ombe aliyechoshwa au kutishwa kabla ya kuchinjwa humaliza glaikojeni, ambayo ni sukari ya akiba ya msuli, na bila hiyo asidi ya laktiki haitengenezwi ya kutosha, pH ikabaki juu ya 5.8 badala ya kushuka hadi karibu 5.5. Nyama hiyo huwa nyeusi, hunata, na huharibiwa na bakteria mapema. Mnunuzi wa Afrika Mashariki anayepata nyama ya bucha saa chache baada ya kuchinjwa huiona nayo ikiwa na giza kiasi, lakini kwa sababu nyingine: pH bado haijamaliza kushuka na mitokondria bado zinapumua, kwa hiyo giza hilo halimhukumu mnyama wala mchinjaji.

Ni kwa kuijua kemia hii ndipo inapoeleweka kwa nini njia za kulinda wekundu hazina thamani sawa. Vitamini E anayolishwa ng'ombe kwa miezi michache ya mwisho, iliyochunguzwa na Cameron Faustman na wenzake tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hupunguza uoksidishaji wenyewe, na hiyo ni njia halali kwa kila hali. Kifungashio chenye oksijeni asilimia 80 huongeza siku za wekundu, lakini oksijeni hiyo hiyo huoksidisha protini na mafuta, na ulaini na ladha vikashuka. Kaboni monoksaidi huifanya nyama iwe nyekundu hata baada ya kuharibika, na Umoja wa Ulaya hauiruhusu, ilhali Marekani inaikubali kwa kiasi kidogo. Salfaiti, ambazo makala ya uchunguzi ya televisheni ya NTV ya Kenya ya Julai 2019 ilidai kuwa zilitumiwa katika nyama madukani, hurudisha wekundu na huharibu vitamini B1, na kwa sababu hizo hazistahili kuwekwa katika nyama mbichi.

Jikoni pia rangi imepatikana na hatia. Baada ya mlipuko wa bakteria wa E. coli O157:H7 uliosababishwa na nyama ya kusaga mwaka 1993 katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, akiwemo Melvin Hunt, walionyesha kwamba nyama ya kusaga ambayo mioglobini yake imekwisha kuoksidishwa hugeuka hudhurungi hadi ndani ikiwa kwenye nyuzi 55 tu, joto ambalo halitoshi kuwaua bakteria hao kwa muda mfupi wa mapishi, ilhali nyama yenye pH ya juu huweza kubaki na wekundu hata ikiwa imeiva. Anayepika nyama ya kusaga na atumie kipimajoto, na asiiepue kabla katikati yake haijafika nyuzi 71.